Daftari la Ahadi: Utangulizi wa Kuchunguza Ahadi za Marais, kwa Kutazamia Tanga

Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 Makamu wa Rais wa Tanzania alikuwa Tanga. Mama Samia Suluhu Hassan alikuwa katika ziara ya kikazi mkoani kwetu, akikagua miradi na kusema na wananchi, na ni kutoka huku alikotokea kwenye televisheni kulitangazia taifa kwamba Rais John Pombe Magufuli amefariki dunia. Siku mbili baadaye akaapishwa Dar es Salaam. Katiba ilikuwa wazi kuhusu kiti: Makamu anamalizia muda uliobaki. Kuhusu maneno aliyoyaacha marehemu majukwaani, Katiba haikusema kitu. Miezi mitano tu kabla ya hapo yalikuwa yamefanyika kampeni, na kila wilaya ilikuwa na chake ilichoahidiwa. Nani sasa anadaiwa?

Watu wa pwani wana utaratibu wa zamani kwa jambo la namna hii. Akifa mtu, warithi hawagusi shamba la minazi wala nyumba kabla marehemu hajazikwa kwa mali yake na madeni yake hayajalipwa. Wasia na mirathi vinafuata baadaye. Ndiyo maana msemaji wa familia husimama msibani na kutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Na kwa kuwa sote tumelelewa kwa methali isemayo ahadi ni deni, swali linajileta lenyewe. Rais aliyeahidi maji ameondoka, kwa kufa au kwa kumaliza vipindi vyake viwili. Mdai aende mlango gani?

Karibu, ndugu msomaji, katika taaluma inayojaribu kulijibu swali hilo. Katika vyuo huitwa uchunguzi wa utekelezaji wa ahadi za uchaguzi. Darasani mimi huiita daftari la ahadi, kwa sababu kazi yake inafanana sana na ya mwenye duka wa Ngamiani, hapa Tanga, anayeandika nani kachukua nini, lini, na amelipa kiasi gani. Daftari likiandikwa vizuri, ugomvi hupungua. Likiandikwa ovyo, kila mmoja hukumbuka anachopenda kukumbuka.

Taaluma yenyewe ina zaidi ya nusu karne. Mwaka 1968 Mmarekani Gerald Pomper alichapisha kitabu kuhusu chaguzi za nchi yake, akazichambua ilani za vyama viwili vikubwa sentensi kwa sentensi, kisha akafuatilia kilichotokea baada ya kura. Alikuta sehemu kubwa ya ahadi imetekelezwa kwa namna moja au nyingine, jambo ambalo wasomaji wake hawakulitarajia. Wengi wakafuata njia yake. Mwaka 2017 kundi la watafiti, wakiwemo Robert Thomson na Terry Royed, lilitoa ulinganisho wa nchi 12, kampeni 57 na ahadi zaidi ya 20,000. Waliona kwamba chama kinachotawala peke yake hutimiza zaidi kuliko kinacholazimika kugawana madaraka na vingine. Naye Elin Naurin wa Uswidi akageukia upande wa pili wa meza: kama watafiti wanaona ahadi nyingi zinatimizwa, mbona wananchi karibu kila mahali wanaamini wanasiasa ni waongo? Sehemu ya jibu lake ni kwamba pande hizi mbili hazihesabu kitu kimoja. Mtafiti huhesabu sentensi za ilani, mwananchi hutazama maisha yake.

Afrika nayo imechangia, na kwa mambo yanayotugusa moja kwa moja. Robin Harding alichunguza Ghana, na mwaka 2015 akaonyesha kwamba wapiga kura humlipa rais kwa kura barabara zinapoboreshwa, kwa sababu barabara inaonekana na inajulikana ni kazi ya nani. Mwaka mmoja kabla, yeye na David Stasavage walikuwa wameonyesha kwamba ushindani wa uchaguzi barani kwetu huelekea kufuta ada za shule, lakini hauboreshi kinachofundishwa darasani. Ada ikifutwa, mzazi hujua siku hiyohiyo. Ubora wa somo la hesabu hauonekani kwa macho, na hata ukishuka, mzazi hajui amlaumu nani. Kwetu Tanzania, REDET ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefuatilia siasa na chaguzi tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, Afrobarometer imekuja na madodoso yake, na Twaweza wamekuwa wakiwapigia wananchi simu kupitia Sauti za Wananchi. Vyanzo vipo. Kilichopungua ni watu wa kukaa mahali pamoja kwa miaka mingi na kufuata ahadi moja moja hadi mwisho wake.

Ukivileta vipimo vya wenzetu Tanga, cha kwanza kuleta taabu ni neno ahadi lenyewe. Pomper alikuwa na ilani mezani. Sisi tunayo pia, na kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mgombea binafsi, kila mgombea urais hubeba ilani ya chama. Kwa chama kinachotawala ilani hiyo ina uzito wa kweli: wakuu wa mikoa na wilaya hupeleka taarifa za utekelezaji wake katika vikao vya CCM, na wakurugenzi wa halmashauri wanajua watakaguliwa kwayo. Lakini sehemu kubwa ya ahadi ambazo watu wetu wanazikumbuka haimo humo.

Aliyewahi kuona msafara wa kampeni ukisimamishwa Mkata, Kabuku au Hale anajua ninachosema. Watu wamejaa kando ya barabara kuu tangu asubuhi, karatasi za manila zimeinuliwa juu, na akina mama wamekuja na ndoo tupu ili lisiwepo la kueleza. Gari linapunguza mwendo. Mgombea anachomoza juu ya gari na kipaza sauti, anauliza shida ni nini, na jibu linatoka kwa sauti moja: maji! Anamwita mbunge asogee. Anauliza mradi umefikia wapi. Kisha anatamka, na makofi yanapigwa kabla sentensi haijaisha. Msafara unaondoka, vumbi linatua. Maneno hayo hayamo katika ilani yoyote, lakini serikalini yana jina lake maalumu: ahadi ya Mheshimiwa Rais. Wizara huziorodhesha, mhandisi wa wilaya anazijua kwa kichwa, na diwani huzitaja kila kikao.

Namna nzuri ya kuona safari ya ahadi hizo ni kusoma Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge letu. Kila mwanafunzi wangu huanza huko, na wengi hurudi wakiwa wamekata tamaa, halafu baada ya wiki mbili wanaanza kuipenda kazi. Swali la mbunge huja kwa umbo lilelile: ni lini Serikali itatekeleza ahadi ya Mheshimiwa Rais ya kujenga barabara fulani kwa kiwango cha lami? Jibu nalo lina ngazi zake, na anayezijua anasoma mengi. Akisikia kwamba upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea, anajua bado hakuna fedha ya ujenzi. Usanifu umekamilika na Serikali inatafuta fedha: ahadi imeiva kitaalamu, imekwama hazina. Taratibu za manunuzi zinaendelea: sogeza kiti, pengine mwaka huu. Mkandarasi yuko saiti: nenda ukamwone mwenyewe. Ukizipanga kauli hizo kwa miaka, barabara moja baada ya nyingine, unapata kipimo bora kuliko kuuliza tu imetimia au haijatimia.

Na hapo ndipo penye jambo ninalotaka msomaji alibebe kutoka kurasa hizi. Vipimo vya nje vimetengenezwa kwa nchi ambazo chama kinaweza kutoka madarakani baada ya miaka minne au mitano, kwa hiyo hesabu inafungwa uchaguzi unapofika: hii imetimia, hii imevunjwa. Nchi yetu imeongozwa na chama kilekile, au vilivyokizaa, tangu uhuru. Ahadi hapa ni nadra kuvunjwa. Huahirishwa, ikahamia ilani inayofuata, ikabadilishwa jina, ikapokewa na rais mwingine, na mara nyingine ikaja kutimia wakati aliyeitamka ameshastaafu. Kuuliza kama rais fulani ametimiza ahadi zake ni swali halali, lakini kwa pwani ya kaskazini ni swali fupi mno. Tuulize ahadi imekaa miaka mingapi, imepita mikononi mwa nani, na ni nini hasa kilichoisukuma siku iliposogea.

Chukua barabara ya pwani. Kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo ni takriban kilomita 256, nayo ingekuwa njia fupi na ya asili kati ya Tanga na Dar es Salaam. Pangani ni mji uliokuwa bandari ya misafara kabla reli ya Tanga haijawaziwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi mtu wa Pangani mwenye safari ya Dar ilimbidi kwanza aende bara, Muheza, kisha Segera, kisha Chalinze, huku bahari inayomfikisha Dar ikiwa mgongoni kwake. Lami ya barabara hii imekuwa wimbo wa majukwaa kwa awamu kadhaa. Ujenzi wa kipande cha Tanga hadi Pangani, kilomita 50, ulianza mwaka 2019, na Februari 2025 Rais Samia alipozuru mkoa wetu, daraja la mita 525 la kuvuka Mto Pangani lilikuwa miongoni mwa miradi iliyotajwa sana.

Kabla ya daraja kuna kivuko. Nenda ukakae pale ng'ambo ya mji, upande wa Bweni, asubuhi moja. Pikipiki zinatangulia, zimepakia madumu na matenga ya samaki; nyuma yake wanafunzi, wagonjwa wanaokwenda hospitali ya wilaya, na lori moja linaloyumba likipanda bamba la chuma. Mto pale ni mwembamba kiasi kwamba unamtambua mtu kwa sura ng'ambo ya pili. Mara ya mwisho nilikaa kwenye benchi pamoja na wazee wawili waliokuwa wakisubiri. Niliwauliza mgombea fulani alipopita Pangani, zamani kidogo, aliahidi nini. Mmoja akajibu bila kusita: lami. Mwenzake akamgeukia taratibu. "Hapana sheikh, yule alisema barabara. Lami tumeiongeza sisi, kwa hamu yetu."

Nimeifundisha sentensi ile miaka yote tangu siku hiyo. Kati ya kutengeneza barabara na kuweka lami kuna tofauti ya mabilioni, na kati ya alichosema mgombea na alichosikia msikilizaji kuna mto mpana kuliko ule uliokuwa mbele yetu. Anayeandika daftari la ahadi bila kuwa na maneno yenyewe, yalivyotamkwa, siku yake na mahali pake, ataishia kumdai mtu deni ambalo hakukopa. Kibaya zaidi, atamsamehe deni alilokopa kweli.

Sasa linganisha na barabara ya upande mwingine, Tanga hadi Horohoro mpakani mwa Kenya, kilomita zipatazo 65. Februari 2008 Rais George W. Bush alikuja Tanzania, na yeye na Rais Jakaya Kikwete wakasaini mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia wenye thamani ya dola milioni 698. Barabara ya Horohoro ilikuwa ndani yake. Mkataba ule ulikuwa wa miaka mitano: fedha isiyotumika kabla ya muda kwisha ingerudi ilikotoka. Lami ikafika Horohoro ndani ya muda huo. Mkoa mmoja, chama kimoja, rais mmoja, barabara mbili za pwani. Moja ilikuwa na mdai mwenye tarehe, nyingine ilikuwa na wapiga kura wenye subira. Hata barabara ya Pangani ilipoanza kusogea, ilisogea ikiwa sehemu ya ushoroba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaounganisha pwani ya Kenya na Bagamoyo, na sehemu yake kubwa ikajengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa mwaka 2019. Nakiri kwamba jambo hili linaniuma. Ningependa mdai mwenye kuogopwa zaidi awe mtu wa Bweni na si benki.

Bandari inatufundisha kitu kingine. Katika awamu ya nne, ya Kikwete, Tanga iliahidiwa bandari mpya ya kina kirefu Mwambani, kusini ya jiji, pamoja na reli mpya ya kwenda Arusha hadi Musoma ili mizigo ya Uganda ivuke Ziwa Viktoria. Mwambani haikujengwa, na reli ya Musoma hadi leo iko kwenye mipango. Badala yake, kuanzia mwaka 2019, bandari kongwe ya Tanga ikaboreshwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 429. Kina kikaongezwa kutoka mita 3 hadi 13, gati la mita 450 likajengwa. Kabla ya hapo meli zilitia nanga mbali, kama kilomita 1.7 kutoka gatini, na mizigo ikashushwa kwenye matishari, ikavutwa hadi nchi kavu na kushushwa tena. Aliyewahi kulipia kazi hiyo mara mbili anajua gati ni nini.

Je, ahadi ya bandari imetimia? Kwa maneno ya awali, hapana. Kwa tumbo la kuli na kwa hesabu za mfanyabiashara, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Kenya wana mfano wao: mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza, na kilichokuja kufika shuleni baadaye kilikuwa vishikwambi, chini ya mpango wenye jina jingine. Hesabu hizi tunaziweka katika safu yake: ahadi iliyobadilika umbo. Nawaomba wanafunzi wasiikimbie safu hiyo, maana humo ndimo mna mabishano ya maana. Nani alibadilisha, kwa sababu gani, na aliyeahidiwa aliulizwa?

Sifa nayo ina matatizo yake. Bandari ilianza kuchimbwa chini ya Magufuli, ikakamilika chini ya Samia. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, lilipata njia yake ya Tanga mwaka 2016, na jiwe la msingi likawekwa na Magufuli na Rais Museveni wa Uganda tarehe 5 Agosti 2017. Halikuwa katika kampeni za 2015. Ni tendo kubwa lisilo na ahadi nyuma yake, na watafiti wa ilani hawana pa kuliweka. Kisha kuna matendo yasiyo ya rais kabisa. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma, na wanunuzi wakajitokeza kuliko ilivyotarajiwa. Maji yakifika mtaani, jukwaani atashukuriwa nani? Tunajua atashukuriwa nani. Daftari letu liandike jina la aliyefanya kazi.

Nije kwenye maneno, kwa sababu humo ndimo pwani ilimoumizwa zaidi. Mwaka 2005 ilani ya CCM iligusa suala la Mahakama ya Kadhi Tanzania Bara, suala zito kwa Waislamu wa Tanga, Pangani na Bagamoyo, ambao wazee wao walizijua mahakama hizo kabla hazijaondolewa miaka ya mwanzo ya uhuru. Wengi misikitini walisikia kwamba mahakama zitarudi. Lugha ya ilani ilikuwa ya kulipatia suala hilo ufumbuzi. Ufumbuzi si mahakama. Ufumbuzi waweza kuwa kamati, mashauriano, au jibu la hapana lililoelezwa vizuri. Yakafuata mashauriano ya miaka. Bakwata, baraza la Waislamu, ikawa na Kadhi Mkuu wake, nje ya mfumo wa mahakama za dola. Mapema mwaka 2015 muswada uliogusa jambo hilo ulifika bungeni, ukazua mabishano makali, ukaondolewa. Uso kwa uso na maandishi, chama kinaweza kusema kilitafuta ufumbuzi. Uso kwa uso na mzee wa msikitini, kauli hiyo haisimami. Mimi naona deni lile lilikopwa kwa maneno yaliyoachwa yasikike kama kila mtu apendavyo, na nadhani aliyeyaandika alijua.

Neno jingine la kulichunga ni kufufua. Kila kampeni ikipita Tanga, mkonge utafufuliwa. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000, sehemu kubwa ikitoka mkoa huu. Baadaye uzalishaji ukaporomoka hadi sehemu ndogo ya hapo. Miaka ya karibuni serikali ikatangaza lengo la tani 120,000. Likifikiwa, itakuwa nusu tu ya kilele cha 1964 na ushee kidogo. Hilo ni kufufuka au ni kuinuka kitandani? Sina ubishi na lengo, ni lengo zuri kwa sababu lina namba. Ubishi wangu ni na kitenzi kisicho na namba.

Namba hutuokoa pia pale mgombea anapotaja fedha. Mwaka 2015 Magufuli aliahidi shilingi milioni 50 kwa kila kijiji. Vijiji vya nchi hii ni zaidi ya 12,000. Kalamu na karatasi zinatosha: ni zaidi ya shilingi bilioni 600, wakati bajeti yote ya mwaka wake wa kwanza kamili, 2016/17, ilikuwa kama trilioni 29.5. Haikuwa ahadi isiyowezekana, ilikuwa asilimia kama mbili za bajeti ya mwaka mmoja. Haikutolewa kwa namna ilivyoahidiwa. Elimu bila ada, iliyoahidiwa katika kampeni hiyohiyo, ilianza Januari 2016, miezi miwili tu baada ya kuapishwa. Kwa nini moja na si nyingine? Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ya shule ya msingi ilikwisha kufutwa tangu wakati wa Rais Mkapa, na sera ya kufuta ada ilikwisha kuzinduliwa na Kikwete Februari 2015. Njia ilikuwa imefyekwa. Waraka mmoja wa wizara ulitosha kuianzisha. Milioni 50 zilihitaji akaunti, vikundi, wakaguzi na utaratibu wa mikopo katika kila kijiji, kuanzia Kilindi hadi Mkinga, na utaratibu huo haukuwepo. Kabla ya kusema rais ni mkweli au mwongo, tazama ahadi ilihitaji mikono mingapi.

Na zipo ahadi zinazohama kutoka kwa mshindwa kwenda kwa mshindi. Katiba mpya ilikuwa hoja ya upinzani mwaka 2010, haikuwa ya CCM. Tarehe 31 Desemba 2010, katika salamu za mwaka mpya, Kikwete akaichukua. Tukapata tume ya Jaji Warioba, rasimu mbili, Bunge Maalumu, na Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014. Kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, na haijafanyika. Ahadi hiyo leo iko mikononi mwa rais wa tatu.

Sitakuwa mkweli kwako nikikukaribisha katika taaluma hii bila kutaja uchaguzi wa 29 Oktoba 2025. Chadema haikuwa kwenye karatasi ya kura, kiongozi wake Tundu Lissu akiwa rumande kwa shtaka la uhaini. Mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, aliondolewa. Tume ikatangaza ushindi wa karibu asilimia 98. Siku ya kura na zilizofuata kulikuwa na maandamano, watu waliuawa, na intaneti ilizimwa nchi nzima. Elimu yetu yote, kuanzia kwa Pomper hadi leo, inasimama juu ya dhana kwamba mdaiwa anajua mdai wake anaweza kwenda duka jingine. Dhana hiyo ikiondolewa, ahadi zinabaki kutamkwa, na nyingine zinaweza hata kutimizwa, lakini zinakuwa hisani. Mtafiti hana budi kuandika hivyo katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake la miaka hii mitano, kwa lugha iliyo wazi.

Hata hivyo daftari lazima liandikwe. Katika kampeni ile Rais Samia alitaja mambo ya kufanya ndani ya siku 100 za kwanza, yakiwemo kuanza majaribio ya bima ya afya kwa wote na kuanzisha mchakato wa Katiba mpya. Aliapishwa tarehe 3 Novemba 2025. Ahadi yenye siku ni zawadi kwa mchunguzi: siku ya 100 iliangukia Februari 2026. Anza hapo, kwa sababu ni rahisi, kisha nenda kwenye magumu.

Na huhitaji chuo. Unahitaji daftari la kurasa mia mbili, kalamu, na simu yenye kinasa sauti. Andika maneno kama yalivyotamkwa, tarehe, mahali, na nani alikuwepo. Usiandike ulichoelewa. Kila mwaka, baada ya Bunge la bajeti, tafuta barabara yako au kisima chako katika kitabu cha makadirio ya wizara, na mwezi Aprili ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikisomwa, tazama kama fedha ilifika. Waulize wazee wawili, na wasikae pamoja unapowauliza. Ukipita nyumba zilizochorwa alama ya X kupisha barabara, andika mwaka zilipochorwa na uliza kama fidia imelipwa. Ukuta wenye X iliyofifia ni nyaraka kama nyaraka nyingine. Na rais akiondoka, usifunge daftari. Geuza ukurasa, andika jina la aliyepokea, hamisha deni.

Mimi nimeanza na kivuko cha Bweni. Wilaya yako bado haina mwandishi.